Nimelipa Ili Nipate Moshi

Jumapili ile Shangazi aliingia kwa mlango wa nyuma, kama kawaida yake, akanikuta uani nimevua shati, macho mekundu, koleo mkononi. Mbele yangu lilisimama pipa jeusi lenye miguu mitatu ya nondo, likifuka moshi mweupe mzito hata ukuta wa jirani hauonekani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nani anaungua?"

Nikamweleza. Kwamba si ajali. Kwamba hili ni jiko la kubanikia nyama, nimelitengenezesha kwa oda, ndani kuna kidari cha ng'ombe kilo tatu, na kinatakiwa kishinde humo kutwa nzima kikila moshi taratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, pindo la kanga puani.

"Limekula shilingi ngapi?"

Nikasema laki moja na themanini. Kuni sikuzitaja.

"Kwa hiyo umelipa ili upate moshi."

"Ndiyo, Shangazi."

"Mimi ningelipa uniondokee."

Akaingia ndani kumsalimia mke wangu.

Ni wiki nyingi sasa, na bado namsikia.

Mwezi wa kuacha moshi

Sikuchagua wakati mzuri. Mapema Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Redio ilikuwa gesi asubuhi, gesi jioni. Wiki moja baadaye, tarehe 15, Ziwa Tanganyika likafungwa, uvuvi marufuku, kwa miezi mitatu. Huku matangazo hayo mawili yakiendelea, mimi nikaenda kwa fundi kuagiza kifaa cha kuzalishia moshi.

Ziwa lilipofungwa ndipo nilipojua kwamba mimi nyama siijui. Nimekulia Kigoma. Kwetu mboga ni mgebuka, na kama si mgebuka ni dagaa, na siku ya mgeni ni kuhe. Nyama ilikuwa ya Idi na Krismasi, inachemshwa mpaka ikate tamaa, halafu inaungwa. Sasa migebuka mibichi imetoweka, ile mikavu iliyobaki sokoni inapanda bei kila ukigeuka, na mimi jioni nimelala na simu natazama wanaume wa Texas wakikata kidari kilichobanikwa saa kumi na mbili au zaidi. Kisu kinapita kama kwenye siagi. Mafuta yanatiririka. Mtu anakunja kipande kwenye kidole na hakikatiki.

Nikatazama video moja. Nikatazama arobaini.

Nilichojifunza usiku mmoja, na ambacho kingenishtua kama ningekuwa na akili iliyotulia, ni kwamba mtindo ule wa Texas una mizizi kwenye mabucha ya wahamiaji wa Kijerumani na Kicheki. Nyama isiyouzika waliibanika ili isioze. Huko nako moshi ulianza kama friji. Nikaisoma habari hiyo, nikasema "kumbe", nikaendelea kutafuta vipimo vya pipa.

Shangazi anabanika migebuka Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi, tangu sijaanza shule. Haikunipitia akilini kumuuliza.

Fundi na maziwa

Majiko ya moshi ya dukani hapa kwetu sikuyaona, na kuagiza kutoka nje ni kulipia chuma kisafirishwe mara mbili ya bei yake. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, kule Mwanga hapa mjini Kigoma, na picha kwenye simu. Aliitazama muda mrefu.

"Hili ni bani," akasema.

Kumbe kijana amekulia Urambo, kwenye tumbaku. Akaniambia kwao kila nyumba ya mkulima ina bani lake la kukaushia, na usiku wa kukausha watoto hawalali, wanachochea moto. Nikamwambia hapana, hili ni la nyama, moshi unatakiwa uingie ndani. Akacheka: "Basi ni bani la mtu aliyekosea." Kwenye bani lao moto unawashwa chini, moshi unapita ndani ya bomba na kutokea nje, na joto la lile bomba ndilo linalokausha jani. Moshi ukivuja tu ukaligusa jani, tumbaku imeharibika, daraja linashuka.

Sikuyatilia maanani maneno hayo. Nitayarudia.

Pipa la lita 200 tulilinunua kwa muuza vyuma chakavu. Fundi alitaka tuchukue la rangi ya bluu kwa sababu lilikuwa jipya jipya. Mimi nikanusa ndani, likanirudisha kwa harufu ya dawa nisiyoifahamu. Tukachukua lililokuwa na oili. Tuliliwashia moto wa mabaki ya mbao kutwa nzima mpaka rangi ikababuka yote, tukalikwangua kwa brashi ya waya, tukaliosha kwa sabuni, tukaliwashia tena. Anayetaka kuiga asiruke hapo. Rangi ya pipa ikipata joto inaingia kwenye nyama, na hakuna kiungo kitakachoificha.

Kwenye kichanja cha kuwekea nyama tulibishana. Nilikuja na kipande cha wavu wa mabati, ule unaong'aa, nimeuokota nyumbani. Fundi akautupa pembeni.

"Huu una zinki. Siku nikichomelea wa hivi nakunywa maziwa na usiku natetemeka kama nina malaria. Wewe unataka kulia nyama juu yake?"

Akanitengenezea kichanja cha nondo nyembamba zisizopakwa kitu, akatoboa matundu manne chini yenye vifuniko vya kusogeza, akaweka mfuniko wenye bawaba na juu yake bomba fupi la moshi, urefu wa mkono. Lile bomba nililiona pambo.

Kidari cha kwanza

Nenda buchani umwambie mchinjaji unataka kidari kizima. Atakuuliza kina nini.

Huku nyama ni nyama. Inapigwa shoka juu ya gogo, mfupa kidogo, mnofu kidogo, kipande cha mafuta cha kukuridhisha, inafungwa. Yule bwana alinikatia kidari huku akiwatazama wateja wengine kana kwamba anawaomba radhi kwa niaba yangu. Na kidari chenyewe, nilipokitandaza nyumbani, hakikufanana na cha kwenye simu. Cha Texas ni kinene kama mto wa kulalia, kina blanketi la mafuta. Hiki kilikuwa cha ng'ombe wetu wa kienyeji aliyetembea maisha yake yote kutafuta majani: chembamba, chekundu, hakina mafuta ya kuogea hata kucha.

Nikakipaka chumvi na pilipili manga. Saa kumi na mbili asubuhi kikaingia.

Kuni zilikuwa za mwembe. Watu wa kusafisha njia ya nyaya za umeme walikuwa wamepita wakaacha matawi barabarani, nikaona bahati imenidondokea. Matawi yalikuwa na wiki mbili tangu yakatwe, ukiyabonyeza maganda yanatoa maji. Nikayapanga juu ya mkaa. Moshi ukaanza kutoka, mweupe, mzito, wa kujaa mikononi. Nikafurahi. Nikasema huu wote usipotee, nikafunga matundu matatu kati ya manne.

Saa tatu jirani akaanua nguo zake. Hakusema neno, ila alivyokuwa anavuta ile mikanda ya kamba nilielewa. Saa tano akaja Shangazi, na yale mazungumzo niliyokwisha kuyasimulia.

Saa kumi na moja jioni nikakitoa. Kilikuwa cheusi, kimejikunja kama kandambili iliyosahauliwa juani. Nikakata, nikampa mwanangu wa kiume. Akatafuna, akatafuna, akanitazama.

"Baba, hii ina dawa?"

Nikaonja. Uchungu wa masizi, na baada ya muda mfupi ulimi ukafa ganzi. Mke wangu alikula vipande viwili kwa heshima ya ndoa. Kilichobaki hata paka alikinusa akaenda zake.

Umeunyima pumzi

Kabla hajaondoka siku ile, Shangazi alikuwa amerudi uani. Hakuja kuniliwaza. Aliinama akatazama yale matundu chini, akanyoosha kidole.

"Hapa umefunga kwa nini?"

"Moshi usitoke."

"Moto umeunyima pumzi, ndiyo maana unakulipiza."

Akafungua matundu yote manne kwa ncha ya fimbo. Akavuta tawi moja la mwembe, akaligonga na jingine. Likatoa mlio wa *pu*. Akaniambia kuni ikikauka inasema *ka*. Ile inayosema *pu* bado ina maji, na kuni yenye maji haiwaki, inalia.

Ndiyo mambo yenyewe. Nilikuja kuyasoma baadaye kwa lugha ya kitaalamu na hayakuongeza mengi: kuni isiyopata hewa ya kutosha, au yenye maji, haiungui sawasawa, inatoa moshi mweupe uliojaa lami na mvuke wa tindikali, na vyote vinaganda juu ya nyama iliyo baridi. Moto mdogo wenye hewa nyingi unatoa moshi mwembamba, karibu hauuoni, wa rangi ya samawati kama ukitazama milima ya Kongo asubuhi ng'ambo ya ziwa. Huo ndio unaotia ladha. Mzuri ni ule usioonekana vizuri.

Nilikuwa nimetazama video arobaini nikidhani moshi mwingi ndiyo kazi inaendelea.

Niliuliza Shangazi anajuaje joto la kichanja chake bila kipimo. Akasema anaweka mkono. Samaki wakiwa wabichi unatakiwa usiweze kuuweka mkono muda wa kusema "bismillahi" kwa ukamilifu wake. Wakishaiva anapunguza moto mpaka aweze kuisema mara tatu, halafu anawaacha wakauke. Na anasikiliza. Mafuta ya mgebuka yakidondoka haraka haraka, moto umezidi. Yakikoma, geuza.

Mimi nilikuwa na kipimajoto nilichotumiwa kutoka Dar kwa basi. Kimefungwa kwenye mfuniko, kinanieleza joto la mfuniko.

Jasho la mtungi

Jaribio la pili nililifanya na kuni za mpera zilizokauka, matundu wazi, na kipimajoto kingine cha sindano cha kuchoma ndani ya nyama. Joto la pipa nililishikilia kati ya digrii 105 na 120. Nikajiona nimefuzu.

Saa sita mchana nyama ilifika digrii 68. Saa saba, 70. Saa nane, 70. Saa nane na nusu, 70. Nikakitoa kipimajoto nikakichovya kwenye maji ya moto, kizima. Nikaongeza kuni. Pipa likapanda, nyama ikabaki 70. Nikaongeza tena. Mke wangu akapita akasema labda ng'ombe mwenyewe ndiye amegoma.

Wazoefu wote wanakijua kisa hiki, na jibu lake lilikuwa jikoni kwangu, kwenye kigoda pembeni ya mlango. Mtungi. Maji ya mtungini yanapoa kwa sababu udongo unatoa jasho, jasho linakauka kwa upepo, na likikauka linaondoka na joto. Nyama ikifika pale inafanya vivyo hivyo: maji yanapanda juu, yanakauka, yanaipoza nyama kwa kasi ileile unayoipasha. Unaweza kuongeza kuni mpaka umalize mpera mzima, hutafanikiwa kitu zaidi ya kuikausha. Ama usubiri jasho liishe, ama uifunge.

Wamarekani wanafunga kwa karatasi ya bucha au foili. Nyuma ya nyumba nina migomba. Nikakata jani, nikalibabua juu ya moto mpaka likalainika na kung'aa, nikaifunga nyama mara mbili, nikaifunga kamba ya mgomba huo huo. Saa tisa ikaanza kupanda. Saa kumi na moja na nusu ilikuwa 93.

Kwa nini 93, wakati nyama inaiva mapema zaidi? Kwa sababu kuiva na kulainika ni vitu viwili. Zile nyuzi nyeupe ngumu zinazofunga misuli ya mnyama aliyetembea sana zinaanza kuyeyuka na kuwa kama rojo la makongoro kuanzia digrii 70 hivi, tena polepole sana. Ukitoa mapema umeivisha mpira. Ndiyo maana ya zile saa zote.

Jaribio la tatu silielezi kwa kirefu. Nilitaka kubanika usiku ili nile mchana, nikasinzia, moto ukafa, nyama ikakaa vuguvugu sijui saa ngapi. Kati ya digrii 5 na 60 ndipo vijidudu vinapostawi, na mimi niliviwekea kitanda na shuka. Niliifukia. Usiku tunalala.

Nundu

Aliyeniokoa ni yule bwana wa bucha. Nilirudi mara ya nne, akanihurumia.

"Kidari cha hawa hakina mafuta. Kama unataka mafuta, chukua nundu."

Ng'ombe wetu akiba yake ameiweka pale juu mgongoni. Nundu ina nyama na mafuta vimesukwa pamoja kama ukili, na kwa kawaida inaishia kwenye mchemsho. Niliibanika kwa muda wa saa tisa, mbili za mwisho ndani ya jani. Nikaipumzisha nusu saa kabla ya kukata.

Sitajisifu. Nitasema tu kwamba watoto waligombania maganda.

Niliwaalika wenzangu wawili wa kazini, na ugali wa muhogo, na kachumbari. Mmoja alikata kipande, akaona mstari wa rangi ya waridi unaozunguka chini ya ganda jeusi, akakirudisha sahani kwa adabu.

"Kaka, hii bado mbichi."

Haikuwa mbichi. Hewa za moto wa kuni zinaingia kwenye nyama ikiwa bado na unyevu, zinakamatana na ile rangi nyekundu ya misuli, nayo haigeuki kahawia hata ukiipika mpaka kesho. Huko Marekani mstari ule ndio wanaopigia picha. Nilimweleza yote haya. Akanisikiliza vizuri sana, akala ugali na kachumbari.

Kifua

Hapa ndipo ningeishia kama Shangazi asingenitembelea tena, mwishoni mwa Julai.

Alikuja amebeba mihogo. Tukakaa, nikampa nundu kidogo iliyobaki, akala taratibu akatikisa kichwa: "Sasa huyu moto alipumua." Tukazungumza habari za ziwa. Akiba yake ya migebuka mikavu ilikuwa imeisha Juni. Mwezi mzima wa Julai alikuwa hana cha kuuza, ada ya mjukuu ilikuwa inamngoja, na alikuwa amekopa kwenye kikundi.

Katikati ya mazungumzo nikagundua kitu, sikujua ni nini. Kimya fulani. Nikahangaika nacho mpaka alipoinuka kwenda.

Alikuwa hajakohoa.

Kikohozi cha Shangazi ni sehemu ya Shangazi. Tukiwa wadogo tulikuwa tunamtambua msibani bila kugeuka. Hakuna aliyewahi kukiita ugonjwa. Nikamuuliza.

"Eeh," akasema, kama mtu aliyekutwa na siri. "Ziwa limenifungia riziki, limenifungulia kifua."

Usiku ule sikutazama video za nyama. Nilikutana na makadirio ya Shirika la Afya Duniani: moshi wa majiko ya nyumbani uliua watu takriban milioni 3.2 mwaka 2020. Nilisoma nikiwa kitandani na shati linalonuka mpera. Nilikuwa nalipenda lile shati. Nilikuwa nimemkataza mke wangu kulifua.

Niliwaza mambo yasiyopendeza. Mimi nikiwasha pipa nawasha Jumapili moja kwa mwezi, nasimama upande upepo unakotoka, nikichoka naingia ndani. Mzigo wa kuni ninaoumaliza kwa ajili ya kilo mbili za nundu, yeye anakaushia mabeseni ya samaki wanaolipa ada. Mikono yangu ikinuka moshi naambiwa na wenzangu kazini, "Bwana, leo ulikuwa kwenye mambo yako." Yake ikinuka, kwenye daladala watu wanageuza shingo dirishani.

Nikafikiria kuliuza pipa. Hilo nalo nikaliona ni ujinga wa aina nyingine. Kifua chake kingepona kwa mimi kuuza pipa?

Bomba

Ziwa lilifunguliwa katikati ya Agosti. Mgebuka wa kwanza niliula umeungwa kwa mawese, na kwa siku tatu sikutaka hata kusikia neno ng'ombe.

Wiki ya pili Shangazi akaja na samaki kumi kwenye ndoo. Alitaka kulijaribu pipa. Hakusema kwa nini na mimi sikuuliza. Alipasua, akaosha, akaacha wachuruzike, akawapanga mwenyewe juu ya nondo za fundi wa Urambo, akachochea kwa kuni zangu za mpera, ambazo alizigonga kwanza moja moja. Akafunga mfuniko. Akavuta kigoda akakaa.

Hakuwatazama samaki. Alitazama juu, lile bomba fupi nililoliona pambo. Moshi ulikuwa unapanda mle, unatoka juu ya vichwa vyetu, unachukuliwa na upepo kuelekea kwa jirani. Yeye amekaa hatua moja kutoka kwenye moto, na kanga iko begani, haipo puani.

"Hilo bomba peke yake," akasema, "shilingi ngapi?"

Jumamosi iliyofuata nilimchukua fundi, bati nyepesi nyeusi, na pikipiki ya kukodi, tukaenda Kibirizi. Tanuri la Shangazi ni la matofali ya udongo, wazi juu, vichanja vinapangwa na kufunikwa kwa mabati machakavu. Moshi unatokea kila penye upenyo, na penye upenyo ndipo anapoinama. Fundi alilizunguka mara mbili. Akasema hapa tufanye nusu ya bani: tuzibe pembeni kwa udongo, tuache mdomo wa kuni mmoja, na nyuma tusimamishe bomba refu kuliko mtu. Wanawake wa matanuri ya jirani wakaja kutazama. Mmoja akauliza kama tunajenga choo.

Ilichukua siku nzima. Jioni akawasha. Moshi ukasita, ukatapatapa mlangoni, halafu ukashika njia na kupanda. Shangazi akafungua bati la juu, akainama juu ya vichanja kama alivyoinama miaka yote, akabaki ameinama. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Niseme ukweli, nilirudi nikiandika makala haya kichwani, na hayakuwa yanaishia hapa.

Baada ya wiki mbili nilipita Kibirizi bila kuaga. Nilimsikia kabla sijamwona, nikiwa bado nyuma ya vichanja vya dagaa: kile kikohozi. Nikafika. Tanuri lilikuwa linafuka kila upande, udongo wa pembeni umebomolewa mahali pawili. Juu ya mdomo wa bomba kulikuwa na nusu tofali.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba."

Nikalitazama lile tofali. Akaona ninavyolitazama.

"Linavuta sana. Moto unakwenda mbio, kuni za siku mbili zinaisha siku moja, na samaki wanaiva kabla hawajakauka. Mzigo wa kuni umefika elfu tisa." Akajifuta macho kwa kiwiko. "Samaki wakiwa wachache nalitoa."

"Leo je?"

"Leo ni wengi, alhamdulillahi."

Akanisogezea kigoda, upande upepo unakotoka.